Dhara mbili kwa mgonjwa mmoja: Korona na tiba ya mionzi

LEO tumeona tuzungumze na wasomaji wetu juu ya maradhi ambayo wengi wetu tunayahisabu kuwa yamekwisha, nayo ni korona. Tutayatazama kwa upande ambao haukuzungumzwa sana, yaani upande wa mgonjwa wa saratani ambaye alikuwa katikati ya tiba ya mionzi wakati maradhi yale yalipoingia nchini mwetu.

Ni kweli kwamba tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa korona si dharura ya dunia tena. Lakini kumalizika kwa dharura si kumalizika kwa kirusi chenyewe. Kirusi bado kimo miongoni mwa watu. Kwa mwenye afya na aliyechanjwa, mara nyingi hupita kama mafua ya siku chache. Kwa mtu ambaye kinga ya mwili wake imedhoofishwa na maradhi au na tiba, jambo ni jengine kabisa. Aidha, masuala yaliyotukuta mwaka 2020 yanaweza kutukuta tena kwa maradhi yenye jina jengine, na ni vyema yatukute tukiwa tumejifunza.

Jambo tunalolieleza hapa tulilishuhudia mtaani kwetu Amani, na sehemu ya kosa lililotendeka ni letu sisi wenyewe. Tunaliandika kwa sababu aliyekosea hadharani humpasa asahihishe hadharani, na kwa sababu tunakhofu kwamba rai kama ile tuliyoitoa sisi ilitolewa pia katika nyumba nyingine nyingi.

MAMA WA MTAANI KWETU

Mwanzoni mwa mwaka 2020 mama mmoja wa hapa Amani, mtu mzima wa miaka sitini na ushei, aligundulika kuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Hii ndiyo saratani inayowapata wanawake wa Tanzania kwa wingi kuliko nyingine zote. Madaktari waliamua kwamba tiba yake iwe ni mionzi pamoja na dawa ya saratani ya kutundikiwa kila wiki.

Wakati huo Unguja haikuwa na mashine ya tiba ya mionzi. Aliyeandikiwa tiba hiyo ilimbidi avuke bahari kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ambayo ilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996 na ambayo kuanzia mwaka 2018 iliongezewa mashine za kisasa zinazozalisha mionzi kwa umeme, mbali na zile za kobalti. Huko Bara kulikuwa pia na tiba hiyo katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, lakini kwa mtu wa Unguja njia ilikuwa ni bandari ya Malindi, boti, na kisha kutafuta jamaa wa kumpokea mjini Dar es Salaam kwa wiki kadhaa, kwani mionzi hii hutolewa kila siku, siku tano kwa wiki.

Mama yetu alianza tiba yake mwezi wa Machi. Mwezi huohuo, tarehe 16, Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, na tarehe 18 ikatangazwa kwamba amepatikana mgonjwa Zanzibar. Skuli zikafungwa, na kila mtu akawa anamtazama mwenziwe kwa khofu. Kufikia katikati ya Aprili mama yule alikwisha kupata vikao 14 vya mionzi kati ya 25 alivyoandikiwa, na baada ya hivyo ilibaki mionzi ya ndani. Watoto wake waliokuwa Unguja waliposikia habari za Dar es Salaam hawakuweza kulala. Mkubwa wao akaja kwetu baada ya sala ya Alasiri.

Alituuliza: “Sheikh, si tumefundishwa kwamba mji wenye tauni haingiwi? Mama tumrudishe nyumbani, au tumwache kule?”

Sisi tukamjibu papo hapo, tukiwa bado tumekaa barazani. Tulimwambia kwamba mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.) kuhusu tauni yanajulikana, kwamba kuihifadhi nafsi ni wajibu, na kwamba mama arudi nyumbani mpaka balaa lipite, kisha ataimalizia tiba yake. Hatukuuliza mionzi ni kitu gani. Hatukuuliza kama tiba hiyo inakatika. Hatukumwambia asubiri mpaka tumpigie simu daktari. Kijana alishukuru, akatubusu mkono, akaenda zake. Siku ya pili mama alipanda boti.

YALIYOFUATA

Mama aliporudi, mtaa mzima ulikwenda kumwona. Huu ndio mwenendo wetu, na kwa asili yake ni mwenendo mwema, kwani kumtembelea mgonjwa ni haki yake juu yetu. Wanawake walikaa chumbani kwake asubuhi na jioni, wengine wakimshika mikono, wengine wakimwombea dua karibu na uso wake. Watoto waliingia na kutoka. Sisi nasi tulikwenda, tukakaa, tukanywa chai. Hakuna aliyevaa barakoa, kwa kuwa kila mmoja aliona kwamba hatari imebaki ng'ambo ya bahari.

Katika siku ya nane alifika kijana mmoja ambaye sisi ndio tuliomsomesha msahafu utotoni, na ambaye ni muuguzi. Aliposikia kwamba mama ameacha mionzi kwa rai yetu, alikuja kwetu kwa adabu zote, akasema: “Maalim, nisamehe nikikwambia. Tiba ile haiachwi katikati. Kila siku anayokaa nyumbani, maradhi yanarudi kukua.”

Tuliona haya. Tukafuatana naye mpaka nyumbani kwa mama, tukawaeleza watoto wake kwamba rai yetu ilikuwa ni ya haraka na kwamba tunairudi. Wakakata tiketi ya boti ya siku ya tatu yake. Lakini usiku wa kuamkia safari mama alishikwa na homa na kikohozi, na vipimo vikathibitisha kwamba ni korona.

Msomaji na azingatie hapa. Mama alikaa Dar es Salaam kwa wiki kadhaa, akienda hospitali kila siku, naye ni mzima wa maradhi hayo. Aliugua baada ya siku kumi za kukaa Amani, nyumbani kwake, katikati ya watu wanaompenda. Nyumba tuliyoidhani kuwa ni ngome ndiyo iliyokuwa na mlango wazi.

Alitengwa na kutibiwa, na kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu alipona. Aliweza kurudi kwenye mionzi baada ya Idd el-Fitri tu. Tiba ambayo ilipaswa kumalizika ndani ya wiki nane ilichukua zaidi ya wiki 14. Aliishi hadi mwaka 2022, saratani iliporejea. Tulipomuuliza daktari kama zile siku zilizopotea ndizo zilizosababisha, hakusema kwamba ndizo, wala hakusema kwamba sizo. Tunamwomba Mola amrehemu mama yetu na atusamehe sisi.

KWA NINI MIONZI HAIKATWI

Baada ya tukio lile tulijilazimisha kusoma na kuuliza, jambo ambalo tulipaswa kulifanya mwanzo. Tunayaeleza kwa ufupi yale tuliyofahamishwa, kwa kuwa ndiyo msingi wa hukumu.

Mionzi huharibu uwezo wa seli kujigawa na kuzaana. Haitolewi yote kwa siku moja, kwa sababu kipimo kikubwa kingeangamiza pia sehemu nzima za mwili zilizo jirani na uvimbe. Hugawanywa katika vikao vidogo vidogo. Kati ya kikao na kikao, sehemu nzima hupata nafasi ya kujirekebisha, na seli za saratani, ambazo hazijirekebishi vyema, huzidi kupungua. Lakini zile zinazosalia hazikai kimya. Baada ya wiki chache za tiba huanza kuzaana kwa kasi kubwa kuliko mwanzo. Mgonjwa anayepumzika katikati huwa anazipa seli hizo fursa ya kujaza pengo.

Kwa saratani ya mlango wa kizazi, wataalamu huhimiza tiba yote, ya nje na ya ndani, imalizike ndani ya siku 56. Makadirio yanayotumiwa ni kwamba kila siku inayozidi hupunguza nafasi ya kuudhibiti uvimbe kwa kiasi cha asilimia moja hivi. Saratani za kichwa na shingo nazo ziko katika fungu hilo la zisizosubiri. Zipo nyingine, kama baadhi ya saratani za tezi dume, ambazo hukua taratibu, na daktari anaweza kuchelewesha mionzi kwa miezi kadhaa huku mgonjwa akitumia dawa za homoni. Kwa hiyo suala la nani asubiri na nani asisubiri lina jibu, lakini jibu hilo liko kwa daktari anayeijua saratani ya mgonjwa huyo. Haliko barazani.

KHOFU ILIKUWA NA MSINGI

Pamoja na hayo, tusije tukasema kwamba watoto wa yule mama walikhofu bure. Khofu yao ilikuwa na msingi, na sayansi inashuhudia.

Kwanza, zile seli nyeupe za damu zinazopambana na virusi ni miongoni mwa seli zinazoumizwa na mionzi kwa wepesi kabisa. Mgonjwa anapopewa pia dawa za saratani za kutundikiwa, seli hizo hupungua zaidi. Pili, mgonjwa wa mionzi hana hiari ya kukaa ndani. Lazima atoke kila siku, apande daladala au bajaji, akae kwenye benchi pamoja na wenziwe, alale kwenye kitanda cha mashine walicholalia wengine kabla yake. Tatu, wapo wasioweza hata kuvaa barakoa wakati wa tiba, kama wale wa saratani ya kichwa na shingo, ambao uso wao hubanwa kwa kifuniko maalumu cha plastiki ili wasitikisike. Nne, mionzi ya kifuani yenyewe inaweza kuleta kikohozi na kubanwa na pumzi wiki au miezi baada ya tiba, ikafanana na korona hata kwenye picha za mapafu, na daktari akahitaji uangalifu mkubwa kuvitenganisha.

Katika mji wa Wuhan nchini China, ambako korona ilianzia kujulikana, madaktari wa idara ya tiba ya mionzi na saratani ya Hospitali ya Zhongnan waliwafuatilia wagonjwa wao 1,524 walioingia hospitalini baina ya tarehe 30 Disemba 2019 na tarehe 17 Februari 2020. Walioambukizwa walikuwa 12, sawa na asilimia 0.79, ilhali kiwango cha mji mzima kwa wakati ule kilikuwa asilimia 0.37. Yaani mgonjwa wa saratani aliambukizwa kwa zaidi ya mara mbili ya mtu wa kawaida. Hata hivyo, chini ya nusu ya wale 12 ndio waliokuwa wakiendelea na tiba wakati ule. Wengine walikuwa na saratani na walikuwa wakienda hospitali, na hilo pekee lilitosha.

Kisha ikaja habari ya pili kutoka Uingereza. Huko walichunguzwa wagonjwa 800 wa saratani waliopata korona baina ya Machi na Aprili 2020. Waliofariki walikuwa 226, na hiyo ni idadi kubwa ya kutisha. Lakini madaktari walipotazama ni nini kilichowatenganisha waliofariki na waliopona, walikuta ni umri mkubwa, kuwa mwanamume, na kuwa na maradhi mengine kama ya moyo na shinikizo la damu. Kuwa mgonjwa alipata dawa za saratani au mionzi katika wiki nne kabla ya kuugua hakukuonekana kuwa ndiko kulikozidisha vifo.

Tukiziweka habari hizi mbili pamoja tunapata funzo lililo wazi. Mgonjwa wa saratani ni dhaifu mbele ya korona, na ni wajibu akingwe isimfikie. Lakini kumnyima tiba yake si kumkinga. Ni kumwongezea dhara ya pili juu ya ile ya kwanza.

WENZETU WALIFANYA NINI

Hospitali nyingi duniani hazikufunga milango ya mionzi. Zilibadilisha mwenendo. Wagonjwa walipimwa joto na kuulizwa dalili mlangoni, viti vya kusubiria vikatenganishwa, kila mgonjwa akapewa saa yake ili wasirundikane, na wasindikizaji wakapunguzwa. Mgonjwa aliyethibitika kuwa na korona lakini asiyeweza kusubiri alitibiwa mwisho wa siku, baada ya wenziwe wote kuondoka, kisha chumba kikasafishwa.

Jambo jengine ni kupunguza idadi ya safari. Mwezi wa Aprili 2020 yalitangazwa huko Uingereza matokeo ya utafiti uliohusisha wagonjwa zaidi ya 4,000 wa saratani ya matiti ya hatua za mwanzo. Ulionyesha kwamba vikao vitano katika wiki moja vinaweza kufanya kazi ya vikao 15 katika wiki tatu. Vilevile, ilikuwa imejulikana tangu zamani kwamba mwenye maumivu ya saratani iliyoingia mifupani mara nyingi hupata nafuu kwa kikao kimoja tu cha mionzi. Fikiri, ndugu msomaji, mgonjwa wa Makunduchi au wa Nungwi anayepaswa kuvuka bahari, tofauti ya wiki moja na wiki tatu kwake ni tofauti ya kiasi gani, kwa nauli, kwa malazi na kwa hatari ya kuambukizwa. Si kila saratani inatibika kwa njia hiyo, lakini mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari wake kama ipo njia fupi.

KISA CHA SAYYIDNA UMAR NA SEHEMU TULIYOIRUKA

Sasa turudi kwenye ile rai yetu, tuone ilikosea wapi.

Wakati wa korona, kisa cha Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.) na tauni ya Amwas kilisimuliwa katika mimbari nyingi. Alikuwa njiani kuelekea Sham, akapata habari kwamba tauni imeingia huko, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (R.A.) alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alimfahamisha kwamba anatoka katika kadari moja kwenda katika kadari nyingine ya Mola huyohuyo. Sote tulikihifadhi kisa hiki, na sisi ndicho tulichokuwa nacho kichwani siku ile barazani.

Lakini ipo sehemu ambayo wengi wetu tuliiruka. Sayyidna Umar hakuamua peke yake, wala hakuamua papo hapo. Aliwaita kwanza Muhajirina, akawashauri, wakatofautiana. Akawaita Ansari, nao wakatofautiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, na hapo ndipo uamuzi ukapatikana. Baadaye Abdurrahman bin Awf (R.A.), ambaye hakuwapo wakati wa mashauriano, akaja na mafundisho aliyoyasikia kutoka kwa Mtume (S.A.W.). Kiongozi wa dola nzima, mwenye elimu aliyokuwa nayo, aliuliza mara tatu kabla ya kugeuza msafara. Sisi hatukuuliza hata mara moja kabla ya kumgeuza mgonjwa.

Kosa jengine lilikuwa katika kuipeleka hukumu mahali pasipo sababu yake. Mafundisho ya kutoingia mji wenye tauni na kutoutoka yanakusudia kuzuia maradhi yasihame kutoka palipo nayo kwenda pasipo nayo. Mwezi wa Aprili 2020 maradhi yalikuwa Dar es Salaam na yalikuwa Unguja. Hapakuwa na mji msafi wa kukimbilia. Tena, kwa kumpandisha boti, tulimtoa katika mji wenye maradhi, na hilo nalo ni katika yaliyokatazwa. Tulishika nusu ya mafundisho tukaacha nusu.

Wanazuoni wetu wa fiqhi wana kanuni mashuhuri kwamba dhara mbili zikigongana na hapana budi kulipata mojawapo, huchukuliwa lile jepesi ili kulikwepa lile zito. Waswahili nao husema kheri nusu shari kuliko shari kamili. Kwa mama yetu, dhara jepesi lilikuwa ni kuendelea na mionzi kwa tahadhari zote, na dhara zito lilikuwa ni kuiacha. Lakini hakuna awezaye kupima uzito wa dhara mbili kama hajui lolote kati yake. Ndiyo maana fatwa inayogusa mwili wa mgonjwa huanza kwa daktari, kisha huja kwa sheikh. Daktari aliyebobea hueleza dhara ni lipi na ukubwa wake, na sheikh hueleza sharia inasemaje juu ya dhara hilo.

IBADA ZA MGONJWA

Yako mambo ya ibada ambayo wagonjwa wa mionzi walituuliza wakati ule na bado wanatuuliza, na kutoyajua kunawaongezea hatari.

La kwanza ni saumu. Ramadhani ya mwaka 2020 iliwakuta baadhi yao wakiwa kwenye mashine, wakataka kufunga. Mionzi ya nyonga huleta kuharisha, ya shingo hukausha mate na kuumiza koo, na baadhi ya dawa zinazotundikwa zinahitaji maji mengi mwilini ili zisiharibu figo. Mwili uliokaukiwa maji, na korona ikiwa nje inanyemelea, ni mwili unaojiweka katika hatari. Qurani, katika Suratul Baqara, imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na ambaye hatarajii kupona ana njia ya fidia. Mwenye ruhusa ya Mola wake haoni aibu kuitumia.

La pili ni Ijumaa na jamaa. Mgonjwa hawajibikiwi na sala ya Ijumaa. Husali Adhuhuri nyumbani kwake. Mwenye kinga dhaifu anayekhofia maambukizi katika safu iliyobanana ana udhuru, wala hapaswi kudhaniwa kuwa amelegea katika dini. Na mwenye mafua au kikohozi ana sababu kubwa zaidi ya kubaki nyumbani, asije akawaudhi na kuwadhuru wenziwe.

La tatu ni dhana kwamba mtu aliyepigwa mionzi “anatoa mionzi” na kwamba kumkaribia ni hatari. Hili si kweli kwa mionzi ya mashine ya nje. Anapoinuka kitandani, hakuna kilichobaki mwilini mwake cha kumdhuru mke wala mjukuu. Ukweli uko kinyume chake: sisi wazima ndio hatari kwake.

WAJIBU ULIO JUU YA WENYE AFYA

Baada ya Mei 2020, takwimu za korona nchini zilipokuwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21, kutolewa kwake kulisita, na wengi wetu tukavua barakoa tukidhani safari imekwisha. Tarehe 17 Februari 2021 tukampoteza Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye chama chake kilikuwa kimeshatangaza kuwa ameambukizwa. Wakati wote huo, wagonjwa wa saratani walikuwa wakivuka bahari kwenda na kurudi, wakikaa ubavuni mwetu ndani ya boti, nasi hatuwajui.

Chanjo ilipoanza nchini, Julai 2021, wenye maradhi ya kudumu waliwekwa katika makundi ya mwanzo, pamoja na wahudumu wa afya na wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Lakini ilikwishaonekana kwamba mwili wa mgonjwa wa saratani mara nyingi huitikia chanjo kwa udhaifu, hasa dozi ya kwanza. Maana yake ni kwamba kinga yake kubwa iko pia katika miili ya wale wanaomzunguka: mwanawe aliyechanjwa, jirani anayenawa mikono, mgeni anayekaa mbali akiwa na kikohozi.

Kwa hiyo tunawanasihi wasomaji wetu mambo haya. Ukisikia jirani yupo kwenye mionzi, msalimie kwa simu, au simama mlangoni kwake dakika chache ukiwa na barakoa, kisha uondoke. Adabu ya kumtembelea mgonjwa tangu zamani ni kutomrefushia kikao. Ukiwa na mafua, usiende kabisa. Ile fedha ambayo mtaa ungeitumia kwa chai na vitafunio vya wageni, ikusanywe iwe nauli ya boti na malazi yake, kwani wapo wanaoacha tiba si kwa khofu ya korona bali kwa kukosa nauli. Mgonjwa mwenyewe akipata homa wakati wa tiba, hasa anayetundikiwa dawa, asisubiri asubuhi wala asijifukize kwanza. Aende hospitali saa ileile. Na asiache kikao hata kimoja kwa rai ya mtu asiyekuwa daktari wake, hata akiwa mtu huyo ni sheikh wa mtaa.

Hili la mwisho tunalisisitiza kwa wenzetu wenye kuulizwa katika misikiti na madrasa. Watu hutuletea maswali kwa sababu wanatuamini, na imani yao ni amana. Kusema “hatujui, ngojeni tuulize” hakumshushi mwanachuoni daraja. Laiti siku ile barazani tungelisema maneno hayo, mama yule angelikipata kikao chake cha 15 asubuhi ya pili yake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na atupe hekima ya kuuliza kabla ya kujibu. Wabillahi tawfiq.